Mstari wa Kijani Kwenye Moto wa Baba

Mdomo wangu haujapata kuwa na komeo, na hilo nalisema mapema ili asitokee mtu wa kunitetea huko mbele. Sasa nimezeeka, meno mawili yamekwenda zake, lakini mdomo uko pale pale. Na kosa kubwa kuliko yote niliyoyafanya kwa mdomo huu nililifanya nikiwa kidato cha tatu, Malindi, katika ile miaka ya themanini ambapo ukitaka kwenda Mombasa huna budi kuvuka feri pale Kilifi. Nililifanya kwa sababu ya nyota.

Baba alikuwa sonara. Duka lake lilikuwa chumba kimoja cha mbele cha nyumba yetu, mji wa kale, mlango mfupi hata mtu mrefu huingia kwa kuinama, na ndani giza. Wageni walililaumu lile giza, wakidhani ni ubahili wa taa. Aka! Sonara hutaka giza. Dhahabu ikipata moto hubadilika rangi kabla ya kuyeyuka, na fundi huitazama rangi hiyo ili ajue wakati wa kuzidisha na wakati wa kuacha. Jua likiingia humpotezea rangi hiyo. Baba aliketi juu ya busati, mbele yake taa ya utambi, mdomoni mrija mwembamba, akipuliza mwali wa taa ulale ubavu na kuelekea kwenye kipini au kidani anachokiunga. Aliweza kupuliza muda mrefu bila kukata pumzi, akivuta hewa kwa pua na kuitoa kwa mdomo papo hapo. Mimi nilijaribu mara nyingi, nikaishia kukohoa na kuzima taa, naye akacheka mpaka mrija ukamdondoka.

Wateja wake walikuwa wanawake. Harusi ikikaribia, mama wa bibi harusi huja na dhahabu ya zamani imefungwa ndani ya leso: bangili za nyanya, vipuli vilivyopotelewa na wenzao, mkufu uliokatika. Huketi kwenye kibao pale mlangoni akatazama ikiyeyushwa mbele ya macho yake, maana desturi yetu dhahabu ya mtu haiyeyushwi na mwenyewe hayupo. Kitu kikiisha hukigeuzageuza mkononi akauliza, "Fundi, ni safi?" Baba hujibu, "Safi, bibi." Basi. Swali moja na jibu moja. Nimeyasikia maneno hayo tangu sijajua kuvaa viatu, wala sikuwahi kujiuliza hiyo safi ni kitu gani.

Mwaka ule skuli yetu ililetewa mwalimu mpya wa fizikia, mwanamke wa Kigiriama kutoka bara ya Kilifi, ambako kwao walikuwa wakulima wa mahindi na mihogo. Alikuwa kijana bado, mwembamba, na sauti ya mtu aliyezoea kuita wenzake ng'ambo ya shamba. Sisi wasichana wa mjini, kwa ujuba wetu, tulimcheka wiki ya kwanza kwa namna alivyotamka. Wiki ya pili alikuja na boksi, na kicheko kikatuisha.

Lilikuwa boksi la zile taa ndefu za mrija, karibu lilingane na kimo changu. Mwisho mmoja alikuwa ametoboa tundu akabandika nyembe mbili zikitazamana, zimeachana kiasi cha unywele tu. Mwisho wa pili aliweka prizimu, kile kioo cha pembe tatu, nacho kilikuwa kimoja tu skuli nzima na kimekatika ncha. Akatutoa nje akatwambia tuelekeze nyembe kwenye ukuta mweupe wa maktaba unaopigwa na jua. "Jua lenyewe msilielekeze, mtapofuka nikafukuzwa kazi," alisema. Ukiweka jicho kwenye kioo, waona utepe wa rangi umelala gizani, nyekundu upande mmoja na zambarau upande wa pili. Mashaallah, nilivyopiga ukelele! Yeye akanigusa bega. "Rangi umeziona kwenye upinde wa mvua tangu ukiwa mdogo. Tazama palipokosekana rangi."

Nikatazama tena, nikatulia. Ndani ya utepe ule mlikuwa na mistari myeusi, myembamba sana, imesimama wima. Mmoja ulikuwa katikati ya manjano.

Kisha akatuingiza ndani, akafunga madirisha, akawasha taa ya spiriti na kunyunyiza chumvi kwenye moto. Moto ukawa wa manjano. Tulipoutazama kwa boksi hapakuwa na utepe wa kuonekana, ila mstari mmoja wa manjano unaong'ara, na mstari ule ulikuwa pale pale ulipokuwa ule mweusi wa juani. Alikuwa amepigilia kijipini ndani ya boksi kuonyesha mahali. Akatuuliza, "Haya, huyu aliyeko juani ni nani?" Darasa zima likaitika, "Chumvi!" Alicheka mpaka akakaa juu ya meza.

Si chumvi yenyewe, alitueleza, ni sodiamu iliyomo ndani yake. Kila kitu kikigeuka mvuke wa moto kina mistari yake, na hakuna vitu viwili vyenye mistari sawa. Mvuke ulio mbele ya jua huizuia ile rangi ambayo ungeitoa wenyewe, ndiyo maana sisi twaona weusi mahali pake. Na jua ni nyota, wala nyota si kitu kingine ila majua yaliyo mbali. Kwa hiyo mtu akiukusanya mwangaza wa nyota na kuupitisha kwenye kioo, atajua mna chuma, mna sodiamu, mna haidrojeni, na hakuna aliyekwenda, hakuna aliyegusa. Alitusimulia habari ya heliamu, kwamba wataalamu waliona mstari juani usio wa kitu chochote walichokijua, wakakipa jina, kisha miaka mingi ikapita ndipo kikapatikana hapa duniani. Usiku ule sikulala. Nililala chali kitandani nikiwaza kuwa mtu anaweza kukijua kitu kabla hajakiona.

Siku nyingine alitufundisha mwendo. Basi la Mombasa lilikuwa likipita mbele ya skuli kila siku na dereva wake alikuwa hana kazi ila kupiga honi. Mwalimu alitusimamisha kwenye uzio. "Sikilizeni likija, na sikilizeni likienda." Likija honi ilikuwa nyembamba, na likishatupita tu sauti ikashuka ikawa nene, ingawa honi ilikuwa ileile. Akasema mwangaza nao ni hivyo. Nyota ikitujia, mistari yake yote husogea kidogo upande wa buluu. Ikituacha, husogea upande wa nyekundu. Akafungua kitabu chake, akatuonyesha picha ya mistari ya nyota, na juu yake na chini yake kuna mistari mingine iliyopigwa kwa taa ya hapa duniani, ili ionekane kama ya nyota imehama au haikuhama. Picha hiyo niliitazama kwa haraka. Laiti ningeitazama vizuri.

Vitu alivichoma vingi. Chokaa, chumvi, waya wa shaba aliouchovya kwenye maji ya chumvi. Shaba ilitoa moto wa kijani wenye ubuluu, na kwenye boksi kijani hicho kilikuwa na mistari yake, mahali pake, nikaishika kwa moyo. Wengine walichoka upesi. Mimi nilikuwa kama mwendawazimu. Mwishowe mwalimu aliniambia, "Vidzo," neno la kwao la kusema vizuri, "lichukue boksi nyumbani likizo yote, lakini kioo kikivunjika usirudi."

Mungu wangu, raha niliyoipata! Nilitazama jiko la mkaa la mama, kandili, taa ya mrija ya msikitini, moto wa makumbi kule Muyeye kwa shangazi. Kila moto niliouelekea ulikuwa na ule mstari wa manjano wa sodiamu, hata pale pasipo na chumvi. Nikafahamu kuwa ni upepo wa bahari. Chumvi iko kwenye kuta, kwenye kuni, kwenye nguo zetu. Jioni moja baada ya magharibi nilipanda darini nikakitoa kioo nikatazama ile nyota nyekundu ya kifuani mwa Nge, lile kundi la nyota lililojipinda kama mkia wa nge. Haikuonyesha mistari, ni kijitepe kidogo kinachotetemeka, lakini nilikaa pale mpaka mama akaniita mara tatu. Wakati ule mji ulikuwa na giza zuri. Siku hizi kuna mataa ya mahoteli huku na mataa ya barabara kule, na huyo Nge ukimtafuta ni kama unatafuta sindano. Najua nalalamika. Niacheni nilalamike.

Basi siku ya siku ikafika. Ilikuwa baada ya adhuhuri. Jirani yetu wa mtaa wa pili, mwanamke mkarimu aliyekuwa akinipa visheti kila Idi, alikuwa ameketi kwenye kibao akingoja kidani cha harusi ya bintiye. Baba alikuwa ameyeyusha bangili za nyanya yake mbele ya macho yake, akavuta nyuzi, akazipinda, na sasa alikuwa akiunga. Kwanza alikichemsha kidani kwenye maji ya shabu, lile jiwe jeupe la kusafishia, na chumvi, kama masonara wafanyavyo ili kiwe king'avu, kisha akakirudisha motoni. Mimi nilikuwa nimeketi pembeni na boksi langu, nimelielekeza kwenye mwali. Baba alikuwa ameniruhusu. Alidhani ni mchezo wa skuli.

Mwali ukaota ukingo wa kijani. Nikaangalia kwenye kioo: manjano ya sodiamu, kama kawaida, na pembeni yake mistari ya kijani. Mistari yangu! Niliyoishika kwa moyo! Nikaruka kwa furaha.

"Baba, mna shaba! Ndani ya dhahabu mna shaba!"

Baba akautoa mrija mdomoni. Yule mama akageuka. "Wasemaje, mwanangu?"

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi nikamweleza! Nikasimama mbele yake na ujuzi wangu, nikamwambia mistari hii ni ya shaba, haina mwenyewe mwingine, mwalimu ametuonyesha, hata nyota hazifichi kitu mbele ya kioo hiki. Nikamkaribisha aje atazame. Akaja, akainama, akaweka jicho. Aliona kijani. Hakujua kingine, lakini kijani alikiona.

"Fundi," alisema taratibu, "mimi nilikuletea dhahabu ya nyanya yangu."

"Na ndiyo hii, bibi. Umeniona nikiyeyusha."

"Nimeona. Na hiyo shaba imetoka wapi?"

Baba aliniangalia. Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo. "Nenda ndani," akaniambia. Nikaenda. Nyuma yangu nilisikia leso ikifungwa, kibao kikisogezwa. Yule mama aliondoka na kidani chake kikiwa moto bado, nusu kimeungwa.

Malindi ya siku zile neno halikuhitaji simu. Kabla ya magharibi mji wote wa kale ulishajua kuwa sonara yule huiba dhahabu za watu akatia shaba, na kwamba bintiye mwenyewe ndiye aliyemfichua. Asubuhi wakaanza kuja. Mmoja alitaka vipuli vyake, mwingine mkufu, mwingine pete ya marehemu mumewe. Hawakutukana. Walisalimu vizuri, wakauliza hali ya mama, wakachukua, wakaenda. Mwisho wa wiki lile sanduku dogo la mbao ambamo baba alikuwa akiweka amana za watu lilikuwa tupu. Ile ndiyo ilikuwa riziki yetu na ndilo lilikuwa jina lake, na mimi nimeyachoma yote kwa sentensi moja.

Baba hakunigombeza. Aliniuliza yaleyale: umekula, umesali, skuli mwafungua lini. Lakini maneno yenyewe yalikuwa yamesogea. Nilikuwa nimesoma juu ya nyota zinazokwenda na mistari yake ni ileile, imehama kidogo tu, na hapo ndipo nilipoyafahamu yale masomo, katika nyumba yangu mwenyewe, baba akinipitishia sahani ya wali. Alikuwa akiniacha. Nilimkosa naye yuko mbele yangu.

Nilikwenda kwa mwalimu, chumba alichopanga karibu na soko, nikamwaga kilio chote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza, "Mstari wa shaba uliuona kweli?"

"Wallahi niliuona."

"Na jirani yake alikuwa nani?"

Sikumwelewa. Akafungua kile kitabu kwenye ile picha. "Juu ya nyota kuna nini, na chini yake kuna nini? Mistari ya taa wanayoijua. Nyota peke yake haikuambii kitu mpaka uiwekee jirani. Wewe umetazama dhahabu moja, ya fundi mmoja, ukatoa hukumu. Je, dhahabu ya fundi mwingine inasemaje?" Akanipa maji ya kunywa, akaongeza, "Uliona kweli, lakini uliona nusu. Mimi nami nina lawama, nilikufundisha kutazama, sikukufundisha kunyamaza."

Nilirudi nyumbani mbio. Mama alikuwa na vipuli vya harusi yake, vilivyotengenezwa Lamu na sonara aliyekufa kabla sijazaliwa. Nikamwomba kimoja. Alinitazama, akakitoa sikioni pole pole. "Ukikiunguza nitakuunguza wewe," alisema, lakini alikuja kunishikia taa. Nikakichemsha kwenye maji ya shabu na chumvi, nikakitia motoni, nikatazama. Kijani. Mistari ileile, mahali pale pale. Nikachukua pete ya nyanya, ya zamani kuliko baba mwenyewe, kijani. Nikachukua kipini cha shangazi wa Muyeye, alichonunuliwa Mombasa, kijani. Dhahabu yote ya ukoo wetu ilikuwa na shaba, na si baba aliyeitia.

Nilimvamia baba dukani. Alikuwa ameketi mbele ya taa isiyowashwa. Nikamwambia yote kwa pumzi moja, nikamwambia nitakwenda nyumba kwa nyumba na boksi langu, niwaonyeshe wanawake wote dhahabu zao wenyewe.

"Najua," akasema.

"Wajua nini?"

"Kuwa mna shaba. Dhahabu tupu ni laini, mwanangu, hupinda kwa kidole. Hakuna kidani kitakachokaa shingoni bila shaba kidogo, na lihamu ya kuungia nayo ina shaba. Aliyenifundisha alitia, na aliyemfundisha yeye alitia. Mteja huuliza kama ni safi, nasi husema safi, maana yake sikukuibia. Hatukuwa na haja ya kuifungua hiyo habari." Akakung'uta mrija. "Nyumba kwa nyumba usiende. Siwezi kuwekwa motoni mbele za watu kama kipuli."

Siku nne baadaye, alasiri, yule mama wa bibi harusi alikuja. Alipiga hodi kama zamani, akaketi kwenye kibao, leso yake mkononi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la mlango wa ndani, na sitasema kuwa nilikuwa napita.

Alikuwa amekonda uso. Upande wa bwana harusi walikuwa wamesikia, alisema, na wameuliza kama binti atavishwa dhahabu au birika la shaba. Harusi ilikuwa imebaki siku tisa. "Fundi, mimi sikuja kugombana. Kesho alasiri wazee wao watakuwa kwangu. Njoo useme neno moja tu, kwamba dhahabu ni safi, na mtoto alikosea. Watoto hukosea, nani atashangaa? Mimi nitakurudishia kidani umalize, na nitawaambia wenzangu wote wakurudishie kazi zao. Mambo yaishe."

Nilishika pazia. Moyo wangu ulikuwa ukimwambia, sema, baba, sema nilikosea, useme mara mia. Lilikuwa neno jepesi. Alikuwa amelisema nusu yake miaka yote ya kazi yake.

Baba aligeukia pazia. Kisha akaita, "Mama!" Ndivyo alivyokuwa akiniita nilipokuwa mdogo, na tangu siku ile ya kidani alikuwa hajaniita hivyo. "Njoo hapa."

"Abee, baba." Nikatoka, nikamwamkia mgeni shikamoo, akaitika bila kunitazama.

"Bibi huyu asema ulikosea. Ulikosea?"

Nikamtazama baba, nikatazama lile sanduku tupu la amana. Nikasema, "Naam, baba. Nilikosea. Hamkuwa na shaba."

Yule mama alishusha pumzi. Akaanza kuifungua leso.

"Ngoja, bibi," baba alisema. "Mtoto asema uwongo ili anisaidie. Hakukosea. Mna shaba. Katika kidani chako mna, katika bangili za nyanya yako mlikuwa nayo kabla sijazigusa, na katika kila kitu nilichotengeneza tangu nianze kazi hii mna. Chembe yako moja sikuichukua, na hilo nitaapa popote utakaponipeleka. Nikija kwako kesho nitawaambia wazee hivyo hivyo. Lakini sitakuja kusema mwanangu hakuona alichokiona."

"Fundi, utajiponza."

"Huenda."

Yule mama alikaa kidogo, labda akingoja abadili neno. Hakubadili. Akaifunga leso, akainuka, akaondoka bila kuaga. Kidani kilimalizwa Mombasa, na huko nasikia waliambiwa ni safi.

Kazi za harusi hazikurudi mwaka ule wala mwaka uliofuata. Baba aliunga miguu ya miwani, akatengeneza pete za fedha za kuuza kwa watalii, akakubali kazi ambazo zamani angezicheka. Mama aliuza vipuli vyake vya Lamu ili nimalize skuli, na hilo sikuambiwa mpaka nilipokuwa mtu mzima. Wapo waliorudi baadaye, mmoja mmoja, na kuna wengine hawakurudi kabisa. Lakini hayo yalikuja polepole, nami alasiri ile sikuyajua. Nilijua tu kuwa mlango umefungwa na mgeni amekwenda, na baba yangu ameketi pale pale na mrija wake mkononi, hana cha kupuliza.

"Usiniambie tena neno lile," akasema.

"Lipi, baba?"

"Kwamba hukuona, nawe uliona."

Nikakaa chini kwenye busati karibu naye, nikalia kwa sauti, mimi niliyekuwa na neno la kila kitu, na hata moja sikulipata. Aliniacha nilie mpaka kilio kikaisha. Kisha akalivuta boksi, akalitazama mbele na nyuma, akaniuliza mahali pa kuweka jicho ni wapi.